Tahadhari kabla ya kulitoboa gitaa ili kulitia wenzo wa tremolo

WAPIGAJI wengi wa gitaa la umeme hufikia wakati wakatamani ala yao itoe sauti inayoyumba na kutetema, mithili ya mwimbaji anayeiachia sauti yake ipepee mwishoni mwa ubeti. Sauti hiyo hutokana na wenzo mdogo wa chuma uliounganishwa na daraja la gitaa, ambao mpigaji huubonyeza au kuuvuta huku nyuzi zikiendelea kulia. Hata hivyo, magitaa mengi hayana wenzo huo. Daraja lake limekazwa kwenye mbao kwa skrubu, wala halisongi hata kidogo.

Mwenye gitaa la aina hii aghalabu hujiuliza iwapo anaweza kulibadilisha badala ya kununua jingine. Jibu ni kwamba inawezekana, lakini njia za kufanya hivyo zinatofautiana mno. Ipo njia isiyodai tundu hata moja, na ipo inayomlazimu fundi kuchimba shimo linalopenya kiwiliwili kizima cha gitaa. Mbao ikishachimbwa hairudi ilivyokuwa. Kwa hivyo, anayeazimia kuifanya kazi hii yampasa afahamu mapema kifaa hiki hufanya nini, kinahitaji nini na kitamgharimu nini.

Jina lililopotoka

Yafaa tuanze na jina lenyewe kwa kuwa limewachanganya wengi. Katika taaluma ya muziki, tremolo ni kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti: sauti huwa kubwa, ikawa ndogo, ikawa kubwa tena. Kuyumba kwa kimo cha sauti, yaani sauti kuwa nyembamba zaidi au nzito zaidi, huitwa vibrato. Wenzo wa gitaa hulegeza na kukaza nyuzi, na hivyo hubadilisha kimo. Kwa haki ungeitwa wenzo wa vibrato.

Aliyechangia pakubwa kulivuruga jambo hili ni Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa California, Marekani. Alipolitoa gitaa la Stratocaster mwaka wa 1954, alikiita kifaa chake tremolo. Kisha katika vipaza sauti vyake alitumia neno vibrato kuuelezea mtetemo wa nguvu ya sauti. Majina hayo yakabadilishana nafasi, na hadi leo wauzaji wa vipuri huandika tremolo wanapomaanisha vibrato. Katika makala haya tutalifuata neno lililozoeleka.

Chimbuko la kifaa

Kabla ya Fender, mvumbuzi Clayton Kauffman, aliyefahamika zaidi kwa jina la Doc, alikuwa amebuni kifaa cha kuvuta nyuzi mwishoni mwa miaka ya 1920. Kilifungwa kwenye baadhi ya magitaa ya miaka ya 1930, lakini kilikuwa na kasoro moja kubwa: nyuzi hazikurejea barabara pale zilipokuwa baada ya kuvutwa.

Inasimuliwa kwamba mpiga gitaa Merle Travis, alipochoshwa na kasoro hiyo, alimpelekea kifaa chake Paul Bigsby ili akitengeneze. Bigsby alikuwa fundi wa mitambo na mpenzi wa pikipiki, na mwaka wa 1948 alikuwa ameshamuundia Travis gitaa la umeme la mbao ngumu. Badala ya kukiraka kifaa kibovu, aliunda chake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nyuzi zilizungushwa kwenye ekseli, na springi moja fupi na nene ikawekwa chini ya wenzo. Kifaa hicho kingali kinauzwa kwa jina lake, ingawa yeye alifariki mwaka wa 1968. Kampuni ya Gretsch ilikinunua kiwanda chake mwaka wa 1999, na mwaka wa 2019 jina hilo likaingia mikononi mwa Fender.

Ni muhimu kutambua kwamba tangu mwanzo kifaa cha Bigsby kilikuwa kitu cha kuongezwa juu ya gitaa lililokwisha kutengenezwa. Mfano mashuhuri ni gitaa la mwanamuziki Neil Young aliloliita Old Black. Ni Les Paul ya mwaka wa 1953, iliyotoka kiwandani kwa Gibson ikiwa na daraja lisilosonga, na baadaye ikafungwa Bigsby. Gitaa hilo lilibadilishwa, likapata sauti ambayo wapenzi wa muziki wa roki huitambua mara moja.

Nguvu mbili zinazoshindana

Ili kuelewa ugumu wa kazi hii, sharti kwanza kufahamu nguvu zinazolikabili daraja. Nyuzi sita za gitaa la umeme, zikilinganishwa sawasawa, au zikituniwa kama wasemavyo wanamuziki, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzani wa kilo 45 kwa jumla, kutegemea unene wake. Katika gitaa lenye daraja tuli, mzigo huo wote hubebwa na mbao. Mbao haichoki wala haitetereki, ndiyo maana gitaa hilo hukaa katika ulinganifu kwa muda mrefu.

Daraja linalosonga halina raha hiyo. Nyuzi hulivuta upande mmoja, nazo springi hulivuta upande wa pili. Linatulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana, kama mizani ya dukani inavyotulia bidhaa na jiwe vinapokuwa na uzito sawa. Mpigaji akibonyeza wenzo, huuvuruga usawa huo kwa makusudi, kisha akiuachilia, mizani hurudi ilipokuwa.

Usawa huu una gharama tatu. Kwanza, ukibadilisha unene wa nyuzi, mizani yote huharibika na springi sharti zirekebishwe upya. Pili, ukiupinda uzi mmoja kwa kidole ili kuupandisha, daraja husogea kidogo na nyuzi nyingine tano hushuka. Tatu, uzi mmoja ukikatika, springi hupata nguvu kuliko nyuzi zilizobaki, daraja likarudi nyuma na nyuzi zote tano zikapanda kimo kwa mpigo.

Gharama hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwa mwanamuziki wa bendi anayetegemea gitaa moja kwa tumbuiza ya usiku kucha. Aliye na daraja tuli akikatikiwa na uzi huweza kuumaliza wimbo kwa nyuzi tano pasi na wachezaji kung'amua lolote. Mwenye daraja linaloelea kwa springi hulazimika kunyamaza, kwa sababu hakuna uzi hata mmoja uliobaki katika sauti yake. Kwake yeye huo ni mkate unaoponyoka mkononi mbele ya waliomlipa.

Njia nne na kina cha jeraha

Njia za kuongeza wenzo zinaweza kupangwa kulingana na kiasi cha mbao kitakachopotea.

Njia ya kwanza haitoboi chochote. Magitaa ya aina ya Les Paul huwa na vipande viwili vya chuma juu ya kiwiliwili: daraja lenyewe, na nyuma yake kishikio cha nyuzi kilichosimama juu ya nguzo mbili za skrubu. Kishikio hiki hung'olewa na mahali pake pakawekwa kifaa kinachotumia mashimo yaleyale ya nguzo. Kampuni ya Duesenberg ya Ujerumani hutengeneza kimoja kiitwacho Les Trem. Kuna pia bamba la chuma liitwalo Vibramate, ambalo huwezesha Bigsby kufungwa kwa skrubu zilizokuwepo tayari. Mwenye gitaa akibadili nia, huvirudisha vipuri vya awali, na gitaa likawa kama lilivyokuwa.

Njia ya pili ni kuifunga Bigsby moja kwa moja juu ya mbao. Hapa hutobolewa matundu machache membamba ya skrubu. Kiwiliwili hakichimbwi, kwa hivyo njia hii hufaa hata magitaa yaliyo wazi ndani. Lakini gitaa la aina ya Telecaster, ambalo nyuzi zake hupitia ndani ya kiwiliwili zikitokea nyuma, huhitaji pia daraja jingine, kwa sababu ukingo wa bamba lake la kawaida huzizuia nyuzi zinazotoka kwenye Bigsby. Aidha, mtumiaji asitarajie maajabu. Bigsby huyumbisha sauti kwa upole, haiishushi hadi chini kabisa.

Njia ya tatu ni ile ya Stratocaster. Daraja hubembea juu ya skrubu zilizo kwenye ukingo wake wa mbele. Chini yake kuna kipande kizito cha chuma kinachopenya kiwiliwili hadi upande wa nyuma, ambako springi, tatu hadi tano, hukivuta. Kulitia gitaa lisilo na nafasi hiyo kifaa cha namna hii hudai kuchimba mashimo mawili: moja linalopenya toka mbele hadi nyuma, na jingine pana la kuhifadhi springi. Hii si kazi ya patasi na nyundo. Huhitaji mashine ya kuchonga mbao, kielelezo cha vipimo na mkono usiotetemeka.

Njia ya nne ni ya Floyd Rose, Mmarekani aliyeanza kukibuni kifaa chake katika miaka ya 1970, na ambacho kilipata umaarufu mikononi mwa Eddie Van Halen. Nyuzi hubanwa kwa skrubu pande zote mbili, darajani na mwanzoni mwa shingo. Matokeo yake ni kwamba mpigaji anaweza kuzilegeza kabisa kisha zikarejea kwenye ulinganifu wake. Gharama ni kubwa vilevile: kiwiliwili huchimbwa, shingo nayo hukatwa au kutobolewa ili kubeba kibanio, na kubadilisha uzi mmoja hudai ufunguo wa pembe sita na subira.

Vipimo visivyosamehe

Anayechagua njia ya pili, ya tatu au ya nne atakuwa amejifunga kwa vipimo. Kilicho muhimu zaidi ni urefu wa uzi unaolia, yaani kutoka kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji kinachotenga shingo na kichwa cha gitaa, hadi pale uzi unapoegemea darajani. Njia rahisi ya kuupata ni kupima kutoka kizingiti hadi freti ya 12, kisha kuzidisha mara mbili. Kwa magitaa ya Fender, umbali huo wa kwanza huwa milimita 324, na urefu kamili ni milimita 648. Magitaa mengi ya Gibson ni mafupi kidogo, karibu milimita 628.

Viegemezo vya nyuzi vilivyo kwenye daraja huweza kusogezwa mbele au nyuma kwa milimita chache, na uzi mnene huhitaji kurudishwa nyuma zaidi kuliko ule mwembamba. Iwapo daraja jipya litawekwa nje ya nafasi hiyo, hakuna marekebisho yatakayoliokoa gitaa. Uzi utakuwa sawa ukipigwa wazi, lakini utakosea kila unapobanwa kwenye freti za juu.

Kipimo cha pili ni mstari wa katikati. Kabla ya kugusa keekee au drili, fundi hunyoosha nyuzi mbili za cherehani kutoka kwenye mifereji ya pembeni ya kizingiti hadi kwenye daraja jipya lililolazwa mahali pake bila kukazwa. Nyuzi hizo zikikaribia ukingo mmoja wa shingo kuliko mwingine, daraja limeenda upande.

Kipimo cha tatu ni kimo. Katika magitaa mengi ya aina ya Les Paul, shingo imeinamishwa nyuma kidogo, hivyo daraja lake husimama juu zaidi. Daraja la mtindo wa Stratocaster hukaa chini, karibu na mbao. Ukilihamisha hili kwenye gitaa lile, nyuzi zitalala juu ya freti na kupiga kelele. Ndiyo sababu si kila kifaa kinachovutia dukani huweza kukubaliana na kila gitaa.

Isitoshe, kuna waya mdogo ambao wengi huusahau. Ndani ya gitaa, waya huo huunganisha daraja na ncha ya ardhi ya mfumo wa umeme ili kuzuia mvumo. Daraja la zamani likitolewa, waya huo sharti uunganishwe na kifaa kipya. Usipounganishwa, gitaa litavuma kama nyuki, na mvumo huo hautapungua utakapozigusa nyuzi.

Chanzo halisi cha nyuzi kupotea

Malalamiko makuu dhidi ya wenzo wa tremolo ni kwamba huliondoa gitaa kwenye ulinganifu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini mara nyingi humwangukia asiye na kosa. Chanzo kikuu huwa ni msuguano, nao aghalabu huwa kwenye kizingiti, mbali kabisa na kifaa kinacholaumiwa.

Wenzo unapobonyezwa, uzi hulegea na kipande chake kidogo huteleza kupitia mfereji wa kizingiti kuelekea kichwani. Wenzo ukiachiliwa, kipande hicho sharti kiteleze kurudi. Mfereji ukiwa mwembamba au wenye makwaruzo, uzi hukwama na kubaki umekazwa kupita kiasi.

Hili hutupa kipimo rahisi. Linganisha nyuzi, bonyeza wenzo, uachilie, kisha usikilize. Uzi ukirudi juu kuliko ulivyokuwa, umekwama kwenye kizingiti. Uzi ukirudi chini baada ya wenzo kuvutwa juu au baada ya kupindwa kwa kidole, sababu ni ileile ikitenda kinyume. Tiba ya mwanzo haina gharama: unga wa risasi ya penseli ukipakwa ndani ya mifereji hupunguza msuguano. Usipotosha, fundi ataipanua mifereji kidogo kwa tupa nyembamba. Nyuzi mpya nazo zinyooshwe kwa kuvutwa taratibu mara kadhaa, na zisizungushwe mara nyingi mno kwenye vigingi vya kichwani.

Hewa ya chumvi ya mwambao huleta adha nyingine. Springi, viegemezo na skrubu hushika kutu upesi kuliko bara, na kila chembe ya kutu huongeza msuguano. Mpigaji wa Mombasa au Malindi atalazimika kufuta na kupaka mafuta sehemu hizo mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa Nakuru.

Je, unauhitaji wenzo?

Baada ya yote haya, swali la kwanza ndilo la mwisho kujibiwa. Wenzo si alama ya ubora. Upigaji wa benga, kwa mfano, ulichota mengi kutoka kwa nyatiti ya Waluo, na uhodari wake uko katika kudonoa nota moja moja kwa kasi na kwa usafi. Kwa mpigaji wa namna hiyo, daraja tuli ni rafiki wa kutegemewa. Kwa yule anayetaka nota ndefu zinazoelea, kama alivyofanya Hank Marvin wa kundi la The Shadows la Uingereza katika wimbo "Apache" wa mwaka wa 1960, wenzo ni sehemu ya sauti yenyewe.

Mtu ambaye hana hakika yuko kundi gani afuate utaratibu huu. Kwanza, aazime gitaa lenye wenzo alipige kwa majuma kadhaa, katika nyimbo anazozipiga kila siku. Akiona hawezi kuishi bila wenzo, atafute kifaa kisichohitaji tundu katika aina ya gitaa alilo nalo. Kisipopatikana, afikirie Bigsby na skrubu zake chache. Njia ya kuchimba mbao ije mwisho, tena kwa gitaa lisilo na thamani ya kihistoria, kwa kuwa gitaa kongwe lililotobolewa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake hata kama kazi ilifanywa kwa ustadi. Mara nyingi gharama ya kifaa, mashine na fundi hukaribia bei ya gitaa jingine lililoundwa likiwa na wenzo tangu awali.

Aidha, amchague fundi kwa uangalifu. Seremala anayetengeneza milango mizuri ana ujuzi wa mbao, lakini kosa la milimita mbili lisiloonekana mlangoni huliangamiza gitaa. Amwombe amwonyeshe gitaa alilowahi kulifanyia kazi kama hiyo, alipige, ausikilize uzi mmoja mmoja hadi freti ya 12.

Faraja iliyopo ni kwamba kinyume cha kazi hii ni chepesi. Mwenye Stratocaster aliyechoshwa na wenzo wake hukata kipande cha mbao ngumu, akakishindilia nyuma ya kile kipande cha chuma ndani ya tundu la springi, na daraja likatulia tuli. Siku akiutaka tena wenzo, hukichomoa. Kulinyamazisha daraja linalosonga ni kazi ya dakika chache, ilhali kulisongeza lililotulia huenda kukaacha shimo la kudumu. Majuto ni mjukuu, na gitaa ni ala ambayo ikitunzwa humzika mwenyewe ikarithiwa na mjukuu huyo.